Barabara ya Musaga ni ya Nani?

Ndugu wasomaji, ukurasa huu hushughulika zaidi na mambo ya ndani ya nyumba: chakula cha watoto, usafi wa maji ya kunywa, na jinsi ya kuufikisha mshahara mwisho wa mwezi. Leo twaomba ruhusa tuvuke kizingiti tutoke nje, kwa maana nyumba haiishii mlangoni. Mtoto aliyelala vizuri, akaoga, akanywa uji wake na kuvikwa sare safi, bado ana safari ya kwenda shule na kurudi. Mama aliyemwaga mlangoni hana tena uwezo juu yake mpaka atakapomwona akirudi mchana. Basi njia aipitayo mtoto huyo ni sehemu ya malezi yake, kama vile kitanda chake na sahani yake, na yapasa wazazi waizungumze.

Tusimame kidogo Musaga, upande wa kusini wa mji wa Bujumbura, kabla jua halijachomoza nyuma ya milima. Wengi wenu mwapafahamu mahali hapa, maana ndipo kilipo chuo cha maofisa wa jeshi, ISCAM, na askari wengi na jamaa zao wamekaa au wanakaa katika mitaa yake. Barabara ya taifa nambari 7 yashuka kutoka nyanda za Mugamba, kutoka Matana na Ijenda, yapita Musaga, kisha yaingia mjini. Ni barabara ya lami, nayo yabeba malori, mabasi, magari madogo na magari ya kazi.

Lakini mtu akisimama kando yake saa 12 asubuhi, hataona magari kwanza. Ataona watu. Ataona watoto wa shule katika sare zao za kaki, wakubwa wakiwashika mikono wadogo. Ataona akina mama wenye mabeseni vichwani na wachanga migongoni. Ataona vijana wakishuka kwa baiskeli zilizopakiwa makaa, ndizi au mboga, mzigo umempita mpandaji kwa upana na pengine kwa urefu. Ataona askari na polisi wakielekea kazini kwa miguu, na walimu, na waashi, na wauzaji wa sokoni. Magari nayo yatapita, tena kwa kelele, na kwa hiyo macho yetu huyahesabu kuliko yanavyostahili. Aketiye hapo na karatasi na kalamu, akatia alama kwa kila mtu apitaye na kila gari lipitalo, ataona mwenyewe ni nani walio wengi.

Ndipo swali letu la leo linapokuja: ikiwa walio wengi huenda kwa mguu na kwa baiskeli, mbona barabara imekatwa kwa kipimo cha gari, na wengi hao wameachiwa ukingo, mtaro na vumbi?

Tuchukue mfano wa familia moja, ambayo si ya mtu yeyote, ila inafanana na nyingi. Baba ni askari. Mama huuza nyanya na vitunguu sokoni. Wana watoto wawili wa shule, mmoja wa miaka 12 na mwingine wa miaka 8, na bibi yao mzaa baba anakaa nao. Nyumba hiyo haina gari wala haitarajii kulipata. Baba huenda kazini kwa miguu au kwa baiskeli. Mama huenda sokoni na mzigo kichwani. Watoto huenda shule. Bibi huenda kusali, na siku nyingine huenda kwenye kituo cha afya. Safari zao za juma zima ni nyingi, na karibu kila moja yahitaji kuivuka ile barabara kubwa au kutembea kando yake. Kwao hao watano, barabara ni njia ya miguu, na gari ni mgeni apitaye.

Sasa tufanye hesabu ndogo ambayo hata mtoto wa darasa la sita aweza kuifanya. Barabara yenye upana wa mita 7, mtu mzima mwenye afya huivuka kwa sekunde 6 hivi. Bibi yetu, au yule mtoto wa miaka 8 aliyemshika mdogo wa jirani, atatumia sekunde 9. Gari lendalo kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 katika kila sekunde. Katika zile sekunde 9 za bibi, gari hilo litakuwa limekwenda mita 150. Maana yake ni kwamba, bibi akitaka kuvuka salama, hapana budi aone umbali wa mita 150 kila upande, na asiwepo hata gari moja ndani ya umbali huo. Je, penye mteremko, kona na basi lililosimama kushusha abiria, bibi ataona mita 150? Hawezi. Hubahatisha tu. Lakini gari lile lile likienda kwa kilomita 30 kwa saa, katika sekunde 9 litakwenda mita 75 tu. Umbali huo jicho la mzee laweza kuupima.

Tuongeze hesabu ya breki. Dereva huhitaji kama sekunde moja kutambua hatari na kukanyaga. Juu ya lami kavu, kwa gari lenye breki nzima, anayekwenda kilomita 30 kwa saa husimama baada ya mita 13 hivi. Anayekwenda 50 husimama baada ya mita 28 hivi. Anayekwenda 60 huhitaji zaidi ya mita 36. Hapo hatujatia mvua ya Aprili, wala matairi yaliyokwisha, wala mteremko wa Musaga, ambavyo vyote huongeza umbali huo. Mtoto atokezaye ghafula mita 20 mbele ya gari atapona ikiwa dereva alikuwa akienda kilomita 30. Ikiwa alikuwa akienda 50, dereva huyo huyo, mwenye macho mazuri na moyo mwema, atamgonga mtoto kabla gari halijasimama. Shirika la Afya Ulimwenguni hutaja kwamba hatari ya kufa kwa mtu wa miguu agongwaye na mbele ya gari huongezeka mara nne na nusu kasi inapopanda kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa.

Jambo hili si dogo. Katika taarifa yake ya mwaka 2023, shirika hilo lilieleza kwamba watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani katika mwaka 2021, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoua zaidi ya sababu nyingine yoyote watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Mama anayemlinda mwanawe na malaria na kuhara afanya vyema sana. Lakini akishafikisha miaka mitano, adui mkubwa kupita wote yuko nje, barabarani. Na katika kila watu 100 waliokufa, 23 walikuwa wakitembea kwa miguu, na 6 walikuwa juu ya baiskeli.

Huenda msomaji akasema: basi watoto wafundishwe kuwa waangalifu. Ni kweli, wafundishwe. Lakini mtoto mdogo hajakomaa katika kupima kasi. Huona gari, hajui kama laja pole au laja mbio. Tena ni mfupi, haoni juu ya gari lililosimama, na dereva hamwoni yeye. Nyumbani hatumwachii mtoto wa miaka minne sufuria ya maji yanayochemka kisha tukamlaumu akiungua. Twaiweka sufuria mahali asipofika. Vivyo hivyo barabara yapasa ipangwe ili kosa dogo la mtoto lisiwe mauti yake.

Tuangalie jinsi mji wetu ulivyojengwa. Wakati wa utawala wa Wabelgiji, mji ulipoitwa Usumbura, mitaa kama Buyenzi na Bwiza ilipimwa kwa viwanja vidogo na barabara zilizonyooka, kwa ajili ya watu wasio na motokaa. Hadi leo, mtu akipita Buyenzi jioni, huona barabara imekuwa sebule ya watu wote: wengine wanauza, wengine wanazungumza, watoto wanacheza, baiskeli zinapita katikati. Katikati ya mji, kwa upande mwingine, barabara pana zilipandwa miti na kutengenezwa kwa ajili ya wachache wenye magari. Musaga ilikua kwa namna nyingine, nyumba baada ya nyumba kwenye mteremko, kati ya mto Muha na mto Kanyosha, na barabara kuu ikiwa kama uti wa mgongo. Njia za ndani zapanda na kushuka. Mvua ikinyesha, maji hutafuta njia zile zile za watu, na baada ya miaka michache njia huwa korongo. Kwa hiyo watu hulazimika kurudi kwenye lami, kwa sababu ndiyo pekee iliyobaki imara. Hivyo mguu na gari hukutanishwa mahali pamoja, wala si kwa hiari ya mguu.

Katika mwezi wa Machi 2022, kuanzia tarehe 21, amri ilitolewa kwamba baiskeli, pikipiki na vyombo vya matairi matatu visiingie katikati ya mji wa Bujumbura, kwa ajili ya usalama. Tunakumbuka siku zilizofuata. Mabasi hayakutosha. Foleni kwenye vituo zikawa ndefu, na watu wengi, wakiwamo wafanyakazi wa serikali na wanafunzi, wakarudi nyumbani kwa miguu, Musaga na Kanyosha upande mmoja, Kamenge na Kinama upande wa pili. Uhaba wa mafuta ya petroli ukaongeza shida hiyo, mwaka huo na miaka iliyofuata. Magari yakalala kwenye foleni za vituo vya mafuta, na mji ukatembea.

Hatuandiki haya ili kubishana na amri. Wajibu wa serikali ni kulinda maisha, na hakuna asiyejua kwamba pikipiki nyingi ziliendeshwa ovyo. Twaandika kwa sababu miezi ile ilitufunulia jambo ambalo siku za kawaida hulificha: kwamba mji huu husimama juu ya miguu ya watu wake. Petroli huja kwa meli na kwa lori kutoka mbali, na hulipiwa fedha za kigeni. Baiskeli haipangi foleni ya mafuta. Mguu hauhitaji kibali cha benki. Taifa lisilo na visima vya mafuta lina sababu zaidi ya wengine ya kuiheshimu njia ya miguu na ya baiskeli, si kwa huruma kwa maskini, bali kwa akili ya matumizi, kama mama mwenye nyumba apimavyo mkaa wake.

Wengine walikwisha kupita katika shida hiyo, na yafaa tujifunze kwao. Watu wengi hudhani kwamba Waholanzi walizaliwa juu ya baiskeli. Sivyo. Baada ya vita vya pili vya dunia nao waliyapa magari nafasi yote, wakabomoa na kupanua. Mwaka 1971 watu wapatao 3,300 waliuawa barabarani katika nchi ile ndogo, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi wakakasirika, wakaingia barabarani na watoto wao kudai mitaa salama. Kisha mwaka 1973 mafuta yakapungua duniani, na kuanzia Novemba serikali yao ikapiga marufuku magari siku za Jumapili kwa muda. Watu wakaona miji yao bila magari, wakapendezwa. Hasira ya wazazi na uhaba wa mafuta vikakutana, na kuanzia hapo wakajenga njia za baiskeli mwaka baada ya mwaka hadi leo. Walianza na shida mbili ambazo sisi pia twazijua.

Hapa kwetu Afrika ya Mashariki, Dar es Salaam ilifungua mabasi ya mwendokasi mwezi wa Mei 2016, katika njia ya kilomita 21 hivi, na kando ya njia hiyo kukajengwa njia za waendao kwa miguu na za baiskeli. Katika mji huo huo shirika liitwalo Amend lilishughulika na shule za msingi zenye watoto wengi wanaogongwa. Halikujenga madaraja makubwa. Liliweka matuta, vivuko, njia ndogo za miguu na vigingi vya kuzuia magari yasipande juu yake, na palipohitajika lango la shule lilihamishwa lisielekee barabara kubwa. Kazi hiyo ilipata Tuzo ya Ross ya Miji mwaka 2019, ikiwa imeshindanishwa na kazi za miji mingine ya dunia. Funzo lake ni kubwa: lango la shule likihamishwa, njia ya mamia ya watoto hubadilika siku ile ile, kwa gharama ya mafundi wachache na mifuko ya saruji.

Kigali nayo ilifunga barabara moja katikati ya mji kwa magari mwaka 2015, na mwaka 2016 ikaanza siku maalumu ya mwezi ambayo barabara fulani huachiwa watu wa miguu, wakimbiaji na baiskeli. Lakini ile barabara iliyofungwa ilibaki tupu kwa miaka kadhaa. Ilikuwa lami bila kivuli wala kiti, na wenye maduka hawakufurahi. Ilipotengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2022, ikiwa na miti, viti na mahali pa watoto kucheza, watu wakaijaza. Basi kufukuza magari peke yake hakutoshi. Hapana budi mahali pale papewe kitu cha kumfaa atembeaye.

Nairobi yatupa funzo la tatu. Barabara kuu ya Thika ilipokamilika mwaka 2012, ikiwa na njia nane, ilisifiwa kote. Lakini waliokaa kando yake walijikuta wametengwa na ndugu zao wa ng'ambo ya pili. Madaraja ya miguu yalikuwa mbali mbali, na watu wengi wakaendelea kuvuka chini, mbele ya magari, na wengi wakafa. Mwenye mzigo kichwani hapandi ngazi ndefu kwa hiari. Mpangaji wa barabara akisema watu ni wakaidi, na ajiulize kwanza yeye mwenyewe angepanda mara ngapi kwa siku, akiwa na gunia.

Sasa turudi Musaga tuseme ni barabara ya namna gani itakayowafaa wale watano wa mfano wetu.

Kwanza, njia ya miguu. Iwe pande zote mbili, na upana wake usipungue mita 2, ili mama mwenye beseni na mtu anayekuja waweze kupishana bila mmoja kushuka barabarani. Iinuliwe kidogo juu ya lami, kama sentimita 15, ili gari lisipande, lakini penye kivuko ishushwe taratibu, ili mwenye kiti cha magurudumu, kipofu mwenye fimbo na bibi mwenye magoti mabovu wapite. Matawi ya miti yakatwe hadi juu ya kimo cha mtu aliyebeba mzigo. Na isikatikekatike kila penye lango la gari: mwenye gari ndiye avuke njia ya watu, wala si watu wavuke njia yake.

Pili, mtaro. Katika Musaga, njia bila mtaro ni fedha iliyotupwa, kwa kuwa maji ya mlimani yataibeba. Mtaro ujengwe kwa mawe, uwe na vizuizi vya kupunguza kasi ya maji, na ufunikwe kwa mabamba ya saruji yanayoweza kuinuliwa ili usafishwe. Ukifunikwa, huwa ni sehemu ya njia. Ukiachwa wazi, huwa ni shimo la kuvunja miguu usiku. Katika njia za ndani, mawe yaliyopangwa, kama yalivyotumiwa katika mitaa kadhaa ya Bujumbura, yanafaa kuliko lami: hustahimili maji, hutengenezwa na vijana wa hapo hapo kwa mikono, na hulipunguza gari mwendo lenyewe.

Tatu, baiskeli. Baiskeli ya Musaga si ya matembezi. Ni lori la mnyonge. Yenye mzigo yahitaji upana wa mita 2 ili ipite bila kugusa. Tena kushuka na kupanda ni mambo mawili. Anayepanda huenda pole, mara nyingi akiisukuma kwa mkono; huyo ndiye hasa anayehitaji njia yake mwenyewe, kwa sababu tofauti kati ya mwendo wake na wa gari ni kubwa. Anayeshuka huenda kasi na breki zake ni dhaifu. Huyo asichanganywe na watoto kwenye njia ya miguu. Mahali pasipokuwa na nafasi ya njia mbili, anza na ya upande wa kupanda. Na ndugu zetu wanaoning'inia nyuma ya malori ili wavutwe mlimani wajue kwamba hakuna njia nzuri kiasi gani itakayomponya mtu anayefanya hivyo. Lakini tukumbuke pia kwamba hufanya hivyo kwa sababu mlima ni mrefu na hakuna aliyewafikiria.

Nne, vivuko. Viwekwe pale watu wanapovuka, wala si pale mchoraji anapoona panapendeza. Watu tayari wamekwisha kuchora mahali pao kwa nyayo: penye majani yaliyokanyagwa na ukingo uliovunjika, hapo ndipo pa kivuko. Rangi nyeupe peke yake haimzuii dereva. Kivuko kiinuliwe kiwe tuta pana, ili gari lipunguze mwendo litake lisitake. Barabara ikiwa pana, pawekwe kisiwa katikati, bibi avuke nusu, apumzike, kisha amalizie. Kituo cha basi kikae baada ya kivuko, si kabla yake, ili basi lililosimama lisimfiche mtoto.

Tano, mwendo. Katika Azimio la Stockholm la mwaka 2020, mataifa yalikubaliana kwamba mahali ambapo watu wa miguu na magari huchanganyika, mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa, isipokuwa pawepo ushahidi kwamba mwendo mkubwa zaidi ni salama. Musaga ni mahali kama hapo. Kutoka mwanzo wa nyumba hadi mwisho wake, tofauti kati ya 30 na 60 humwongezea dereva dakika moja kwa kila kilomita. Dakika moja! Ndiyo bei inayoombwa kwa ajili ya bibi na watoto.

Sita, kivuli na taa. Mwembe mmoja kando ya njia ni faraja kwa mtu aliyebeba kilo 20 saa 8 mchana. Na taa za usiku humsaidia mfanyakazi wa zamu na binti arudiye jioni. Mama asiye na hofu ya njia hafungi duka lake mapema.

Pengine msomaji atauliza: haya yote ni ya mhandisi na waziri, sisi tufanye nini? Mambo yapo. Kila Jumamosi kuna kazi za pamoja. Badala ya kufagia mahali palipo safi, mtaa mmoja waweza kuchagua njia moja, ile inayokwenda shule, ukazibua mtaro wake, ukajaza mashimo na kupanda miti miwili mitatu. Jumamosi kumi za namna hiyo huonekana kwa macho. Pili, wazazi wafanye ile hesabu tuliyoitaja. Waketi kwa saa moja asubuhi, wahesabu watoto, akina mama, baiskeli na magari, waandike, wampelekee mkuu wa mtaa na mkuu wa shule. Lalamiko husahauliwa, lakini hesabu iliyoandikwa hujibiwa. Tatu, mzazi atembee na mwanawe njia yote ya shule angalau mara moja, kwa mwendo wa mtoto, na kwa kuinama hadi kimo chake. Ataona mambo ambayo hajawahi kuyaona.

Kwenu ninyi askari na polisi tuna neno mahususi, nalo tutalisema bila kuzungusha, kama ndugu kwa ndugu. Nguvu ya askari imejengwa juu ya mguu. Hakuna anayejua kutembea kuliko yeye. Basi ashikapo usukani wa gari la kazi, asisahau alikotoka. Gari la kazi lisilo na safari ya dharura, likipita Musaga mbio huku watoto wakirukia mtaroni, laharibu kwa dakika moja heshima iliyojengwa kwa miaka. Raia wakiliona limepunguza mwendo penye kivuko, madereva wengine nao watapunguza, maana mfano wa mkubwa ni amri isiyoandikwa. Na polisi asimamaye barabarani saa ya shule, macho yake yaelekee kwanza kwa mtoto anayetaka kuvuka, kisha kwa lori, na mwisho kabisa kwa mnyonge wa baiskeli. Baiskeli ikikosa, ionywe. Lakini ikumbukwe kwamba katika mgongano wowote yeye ndiye atakayelala chini.

Wako pia watakaosema kwamba baiskeli na mguu ni alama za umaskini, na kwamba maendeleo ni kila mtu kuwa na gari. Sisi twasema: tazameni miji iliyokwisha kuwa na magari mengi, ambamo watu huketi saa mbili barabarani bila kusogea, kisha wenyeji wake hununua baiskeli. Kwa nini tupitie kosa ambalo wengine wanalitubia? Tena, hata kama siku moja magari yatakuwa mengi Musaga, mtoto wa miaka 8 hatakuwa dereva, na bibi hatakuwa dereva. Watabaki kuwa watu wa miguu, na barabara itabaki kuwa deni letu kwao.

Basi kesho asubuhi, mama atakapomfungia mtoto vifungo vya shati lake la kaki na baba atakapoivuta baiskeli yake kutoka uani, watoke pamoja na wasimame kidogo kando ya ile barabara nambari 7. Wahesabu sekunde ambazo bibi huzihitaji kuvuka. Wakizipata hizo tisa bila kubahatisha, wamshukuru Mungu na waliopanga mtaa wao. Wasipozipata, wasinyamaze. Wamwendee mkuu wa mtaa na karatasi yao mkononi.

Hadi juma lijalo, ndugu wasomaji, tembeeni salama.